Binti Asiyehesabiwa Nyumbani Hupewa Bei Njiani

Masomo ya leo: Hesabu 27:1-8, 2 Wafalme 4:1-7

  

Leo tunaleta neno gumu kidogo, na hatulianzi kwa kunyoshea wengine kidole. Tunaanza kwa kujihukumu sisi wenyewe.

Miaka michache iliyopita, siku ya Yenga, mama mmoja mjane wa kikundi cha maombezi alileta paspoti ya binti yake mbele ya madhabahu. Binti alikuwa na miaka 19. Alikuwa ameacha shule katika mwaka wa tano wa sekondari, kwa sababu pesa zilitosha mtoto mmoja tu, na kaka yake mdogo ndiye aliyeendelea. Sasa amepata kazi ya nyumba huko Omani, dola 250 kwa mwezi. Tikiti imelipwa. Viza imelipwa. Yeye haulizwi hata franka moja.

Tulipiga vigelegele. Tuliiwekea paspoti ile mikono. Habari yake tukaisoma kwenye redio hii kama ushuhuda wa mlango uliofunguliwa. Aliyeleta nafasi ile alikuwa dada wa imani, mwimbaji wa kwaya, mwenye kujuana na mtu wa Bujumbura. Binti alikuwa ameagizwa kwamba akiulizwa mpakani aseme anaenda kumtembelea shangazi yake. Wengine wetu tulijua. Hata uongo huo tuliuombea upenyo. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Miezi minne ikapita kimya. Ndipo usiku mmoja mama akapokea mesaji ya sauti. Binti alinong'ona kwa sababu telefoni ilikuwa ya kuibia. Anaamka saa kumi na moja asubuhi, analala baada ya saa sita za usiku. Paspoti iko kwa bibi wa nyumba. Mkataba aliousaini ni wa Kiarabu. Mishahara ya miezi ya kwanza imekatwa. Alipoomba kurudi, aliambiwa: tumekulipia pesa nyingi, turudishie kwanza. Mwisho wa mesaji akasema: "Mama, waambie watu wa kanisa waache kushukuru."

Neno hilo halijatutoka masikioni mpaka leo.

Mama aliuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mume wake, akatuma pesa, na binti akarudi. Lakini siku ya Yenga alipoingia kanisani, hakuna aliyemwita mbele. Tulitazama mikono yake kama imebeba kitu. Tulinong'ona. Alikaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na ibada ilipokwisha akatoka peke yake. Wapendwa, tulimwombea kwa sauti kubwa alipokwenda. Aliporudi tulikosa sauti.

MTEGO UNAVYOFANYA KAZI

Kusafiri si dhambi. Abrahamu aliondoka kwao. Ruthu alivuka mpaka pamoja na mkwe wake wakiwa hawana kitu. Bwana wetu mwenyewe alikuwa mkimbizi Misri akiwa mtoto. Na wako dada zetu waliokwenda mbali, wakapata waajiri wenye utu, wakasomesha wadogo zao na kujengea wazazi nyumba. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Neno letu la leo ni juu ya biashara inayojificha ndani ya safari.

Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa ulikubaliana maana ya biashara ya watu, katika itifaki inayoitwa kwa jina la mji wa Palermo, Italia. Maana hiyo ina sehemu tatu. Ya kwanza ni tendo: kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumpokea au kumficha. Ya pili ni njia: nguvu, vitisho, udanganyifu, au kutumia unyonge wake. Ya tatu ni kusudi: kumnyonya, iwe kwa kazi ya lazima, kwa utumwa au kwa uzinzi wa kulipwa. Zikikutana zote tatu, ni biashara ya watu. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, haihitajiki hata kuthibitisha udanganyifu. Tendo na kusudi vinatosha.

Sikieni vizuri jambo moja. Itifaki hiyo inasema kwamba kama mtu alidanganywa, kukubali kwake hakumwondolei mkosaji kosa. Ndiyo maana si haki kumwambia binti aliyerudi: "Si ulikubali mwenyewe?" Alikubali kazi. Utumwa hakuukubali.

Nchi yetu nayo imesema. Katiba ya 2006 inakataza kumweka mtu yeyote utumwani. Tangu 2019 kuna shirika la serikali la kuzuia na kupambana na biashara ya watu, na mwezi wa Desemba 2022 sheria ya adhabu iliongezewa vifungu vya kumhukumu anayefanya biashara hiyo. Basi komisioneri anayekuja na maneno matamu haleti baraka tu. Huenda anafanya kosa ambalo mahakama inalijua kwa jina.

Kwa nini kazi za nyumba hasa? Shirika la Kazi la Kimataifa linahesabu wafanyakazi wa nyumbani zaidi ya milioni 75 duniani, na katika kila wanne, watatu ni wanawake. Wanafanya kazi nyuma ya mlango uliofungwa. Hakuna mkaguzi anayeingia jikoni, hakuna mwenzake wa kushuhudia. Na katika nchi nyingi za Ghuba kuna utaratibu unaoitwa kafala: ruhusa ya mgeni kukaa nchini inafungwa kwa mwajiri wake. Akiondoka kwa mwajiri bila idhini, anaweza kuhesabiwa mkimbiaji na kukamatwa, hata kama alikimbia kipigo. Baadhi ya nchi hizo zimeanza kulegeza sheria zao, lakini mara nyingi mtumishi wa nyumbani ndiye anayeachwa nje ya ulegezaji huo.

Hapo ndipo tunaelewa habari ya safari ya bure. Mwajiri amelipa ofisi iliyomletea binti. Ofisi imemlipa mtu wa Nairobi au wa Kampala. Yule amemlipa mtu wa Bujumbura, na mtu wa Bujumbura amempa kitu dada yetu wa kwaya. Safari ya bure ni safari ambayo mwingine ameilipa, na aliyelipa atadai.

MUSA ALIHESABU, MABINTI WAKASIMAMA

Lakini tujiulize: kwa nini ni binti aliyekwenda, wala si kaka yake?

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 26, watu wanahesabiwa. Wanahesabiwa wanaume wa miaka ishirini na zaidi, wenye kuweza kwenda vitani. Kisha Mungu anasema kwamba nchi itagawanywa kwa hesabu ya majina hayo. Aliyehesabiwa anapata shamba. Asiyehesabiwa anakula kwa huruma ya aliyehesabiwa.

Ndipo sura ya 27 wanatokea mabinti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Baba yao amekufa jangwani, hakuacha mwana wa kiume. Wanasimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakiomba urithi wa baba yao. Fikirini ujasiri huo! Wasichana watano mbele ya wazee wote wa taifa. Na Musa hakuwafukuza. Hakusema, "Hii si desturi yetu." Alipeleka neno lao mbele za Bwana, na Bwana akajibu kwamba wamesema haki, wapewe urithi wao. Kisha akaifanya iwe sheria kwa Israeli yote.

Wapendwa, desturi ilikuwa imewasahau, lakini Mungu aliwasikiliza. Na Biblia ikaandika majina yao yote matano, mmoja mmoja.

Sasa turudi kwetu. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, na tunaona wasichana wengi darasani. Sekondari bado inalipwa. Hapo ndipo mabinti wetu wanapungua. Pesa zikiwa chache, tunasema: "Huyu ataolewa, huyu atabaki na jina la ukoo." Baba akifa, ndugu zake wanakuja kugawana shamba, na mjane anapewa muda wa kutoka ndani ya nyumba aliyoijenga kwa matofali aliyobeba mwenyewe. Sheria ya Familia inawapa watoto wote haki moja ya urithi, wa kiume na wa kike. Zamani, sheria hiyo ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume katika mambo ya kisheria. Marekebisho ya 2016 yaliondoa sharti hilo. Lakini sheria iko kwenye karatasi, na karatasi iko mjini. Nyumbani bado tunahesabu kama sura ya 26.

Hata miradi ya maendeleo inapofika kijijini, mara ngapi tumeona orodha ikiandikwa kwa jina la mkubwa wa nyumba tu? Mbegu zinapewa baba, wakati anayelima ni mama. Mafunzo yanaanza saa mama yuko mtoni kuchota maji. Kisha ripoti inasema familia zimesaidiwa. Mwanamke ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya shule, wala ya urithi, wala ya mradi, anapoona jina lake limeandikwa kwenye tikiti ya ndege, unafikiri atasema nini? Ni mara yake ya kwanza kuhesabiwa. Haoni kwamba safari hii amehesabiwa kama mzigo.

Ndiyo maana tunasema: binti asiyehesabiwa nyumbani hupewa bei njiani.

Na kabla hatujawalaumu Waarabu, tutazame jikoni mwetu. Nani anatwanga sombe na kufua nguo katika nyumba zetu nyingi za wakristo? Ni mtoto aliyeletwa kutoka kijijini, mara nyingi msichana wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Tuliwaahidi wazazi wake kwamba atasoma. Hajaona darasa. Analala mwisho, anakula mabaki, na mshahara tunasema "tunamtunzia". Siku ya Yenga anabaki kulinda nyumba tunapokwenda kuabudu. Ndugu mchungaji, mama shemasi, tendo lipo, kusudi lipo, na ni mtoto. Tukatae jambo hilo Omani, na tulikatae pia hapa.

UNA NINI NYUMBANI?

Katika 2 Wafalme 4 tunamwona mjane mwingine. Mume wake alikuwa mmoja wa wana wa manabii, mtu wa kumcha Mungu. Huyu ni mtu wa kanisani, wapendwa! Alikufa na kuacha deni, na mdai anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Tangu zamani deni ndilo mlango wa utumwa.

Tazameni alivyofanya Elisha. Hakumwambia: "Waache waende, Mungu atawafungulia mlango katika nchi ya mbali." Hakuiwekea safari ya utumwa mikono. Alimuuliza: una nini nyumbani? Alikuwa na mafuta kidogo. Akamwagiza aazime vyombo kwa majirani wote, tena si vichache. Mafuta yalimiminika mpaka vyombo vikaisha. Akauza, akalipa deni, akabaki na cha kuishi yeye na wanawe.

Muujiza ulitoka kwa Mungu. Vyombo vilitoka kwa majirani. Kama majirani wangefunga milango, mafuta yangekosa pa kuingia. Sisi tulikuwa majirani wa mama yule wa maombezi. Tulikuwa na likelemba ya akina mama, tulikuwa na sadaka ya wajane, tulikuwa na ndugu mwenye cherehani mbili zinazokaa bure. Binti alibakiza mwaka mmoja tu kufika dipolomu ya serikali. Hatukuleta chombo hata kimoja. Tulileta vigelegele.

MASWALI KABLA YA KUOMBEA SAFARI

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji, wazee wa kanisa na wazazi: kabla ya kuwekea paspoti mikono, tuulize. Kuuliza si kukosa imani. Nehemia aliomba, lakini pia alimwomba mfalme barua za kupitia.

Kwanza: nani anaita, na nani analipa? Jina lake kamili, ofisi yake, mji wake. Kama jibu ni "ni mtu wa Mungu tu", hilo si jibu. Mbwa mwitu huvaa ngozi ya kondoo, na siku hizi anajua na kuimba.

Pili: mkataba uko wapi? Uwe katika lugha ambayo binti anaisoma, uonyeshe mshahara, saa za kazi, siku ya kupumzika na njia ya kurudi. Nakala moja ibaki nyumbani. Mkataba unaotolewa uwanja wa ndege ni mtego.

Tatu: viza ni ya nini? Anayetumwa kufanya kazi kwa viza ya matembezi atakosa pa kulalamika. Na safari inayoanza kwa kumdanganya askari wa mpakani, tusiiite upenyo wa Mungu.

Nne: paspoti itakaa kwa nani? Ni yake. Nakala yake ibaki kwa mama, pamoja na namba za telefoni na anwani ya nyumba anakokwenda. Mama na binti wapatane neno moja la siri, kama "salimu shangazi wa Kamituga" wakati hakuna shangazi Kamituga. Siku akilisema, mama ajue mtoto yuko taabuni, na asinyamaze.

Tano, na hili ndilo zito: kwa nini yeye? Aulizwe peke yake, bila baba, bila mjomba, bila komisioneri. Anataka kwenda, au anatumwa kulipa deni la nyumba? Mabinti wa Selofehadi walipewa nafasi ya kusema mbele ya mkutano. Binti yetu naye apewe.

Maswali yakijibiwa vizuri, tuombe kwa furaha, na aende. Yasipojibiwa, tumwambie pale pale: mwanangu, subiri, tutafute vyombo.

AKIRUDI

Na akirudi mikono mitupu, tusimtafute begi. Mwana mpotevu alirudi bila kitu kwa kosa lake mwenyewe, na baba alimkimbilia. Huyu amerudi bila kitu kwa kosa la wengine. Je, atapata kiti cha nyuma? Apelekwe kwa daktari kama anaumwa, bila kuulizwa aibu zake mbele ya watu. Asilazimishwe kutoa ushuhuda. Asilazimishwe pia kunyamaza. Akitaka kushitaki, mzee wa kanisa amsindikize. Na kama aliyempeleka ni mtu wetu, tusilifunike jambo eti tulinde jina la kanisa. Hagari, mjakazi mgeni aliyekimbilia jangwani, alimwita Mungu kwa jina la Mungu anayeona. Kama Mungu ameona, sisi tunamficha nani?

Binti yule wa kiti cha nyuma bado yuko kati yetu. Mwaka jana mama mmoja mzee, ambaye hajui kusoma, ndiye aliyekwenda kukaa kando yake. Hakumuuliza kitu. Alimpa nusu ya kitambaa chake cha kutandika kwenye benchi. Siku ya Yenga iliyofuata wakaa tena pamoja. Sasa binti huyo ndiye anayesoma mikataba ya wasichana wanaotaka kusafiri, na wawili tayari amewarudisha mlangoni. Sisi wahubiri tulikuwa na maikrofoni. Mama yule alikuwa na nusu ya kitambaa.

Tuombe.

Ee Bwana, utusamehe. Tulihesabu wana tukasahau mabinti. Tuliita mlango kile kilichokuwa shimo. Uwaone walio nyuma ya milango iliyofungwa usiku huu, Omani, Saudia, Dubai, na katika machimbo na majiko ya hapa kwetu. Uwape njia ya kurudi, nasi utupe moyo wa kuwapokea. Utufanye majirani wenye vyombo. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.